Uzi maalumu: Maisha ya mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia tiba, kuanzia maombi hadi intanshipu

#1 BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za muda huu. Wadogo zetu wengi waliomaliza saikolojia vyuo vya nyumbani wananiuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu uzamivu wa saikolojia tiba Marekani, na maswali yao karibu yote ni ya mlangoni: alama ngapi, mtihani wa kuingilia, GRE, bado unatakiwa, chuo gani kina jina. Nimeona nijibu hapa hadharani ili na wengine waliopita njia hii, wa Nairobi, wa Uingereza, wa popote, waongeze yao. Mimi sasa niko mwaka wa intanshipu, ukingoni kabisa mwa safari.

Nianze na lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Udaktari huu unapatikana mbele ya macho ya mtu anayekutazama ukifanya kazi. Vitabu utasoma, takwimu zitakukesha, tasnifu utaandika, lakini anayekutengeneza ni msimamizi anayekaa na wewe kila wiki, mnatazama video ya kikao chako na mgonjwa, anasimamisha picha na kukuuliza kwa nini ulisema ulichosema. Ukimpata wa kweli, chuo kisichojulikana kwenu kitakutoa. Ukimkosa, jina kubwa la chuo halitakusaidia siku uko peke yako chumbani na mtu aliyekata tamaa ya kuishi.

Mfumo wenyewe una historia yake. Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, ila mafunzo ya sasa yaliwekewa msingi kwenye mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, wakati hospitali za Marekani zimejaa askari waliorudi vitani na akili zilizojeruhiwa. Wakakubaliana mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Hiyo ndiyo PhD. Mwaka 1973, kwenye mkutano wa Vail, ikakubaliwa njia ya pili, PsyD, inayoegemea kliniki zaidi kuliko utafiti. Zote mbili zinakupeleka kwenye leseni ileile. Tofauti kubwa utaiona kwenye pesa, na hilo najua mtaniuliza.

Kuhusu kuingia. Kwenye programu nyingi za PhD unaomba kufanya kazi na profesa fulani, kwenye maabara yake, juu ya utafiti wake. Mara nyingi wanachukua wanafunzi wasiofika kumi kwa mwaka, na waombaji ni mamia. Maombi mengi yanafungwa Desemba mwanzoni, usaili ni Januari na Februari, na mwisho wa kujibu ofa ni Aprili 15. GRE vyuo vingi vimeiondoa tangu 2020, angalia kimoja kimoja. Barua yako ya maelezo isizungumzie utoto wako wala jinsi unavyopenda kusaidia watu. Andika swali gani la utafiti linakusumbua, umeshalifanyia nini, na kwa nini profesa yule hasa ndiye wa kukaa naye.

Naweka kituo hapa kwanza. Karibuni.

#2 Kisonge_Junior

Shukrani sana dada, nimeweka kambi. Ila tuanze na pesa maana hapo ndipo wengi wetu tunaishia. Nimeona ada ya PsyD moja nikafunga kompyuta. Hiyo PhD ya kulipiwa inalipiwa kweli, au kuna mengine ndani yake?

#3 BintiPangani

Inalipiwa kweli kaka, kwenye vyuo vikuu vingi. Ada inafutwa, unapewa posho, na wewe unafanya kazi ya kufundisha au ya utafiti. Kwa visa ya mwanafunzi, F-1, mwisho wako ni saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa muhula. Kuna mambo matatu lakini ambayo barua ya ofa haiyapigii kelele. Posho nyingi ni za miezi tisa, kwa hiyo uliza kiangazi unaishije. Bima ya afya wakati mwingine inakatwa humohumo. Na kama una mume au mke, akija kwa visa ya familia ya mwanafunzi, F-2, haruhusiwi kufanya kazi. Nimeona ndoa zikitikisika kwa hilo la mwisho, mtu aliyekuwa mhasibu nyumbani anakaa miaka mitano akitazama theluji dirishani.

PsyD kwa kawaida unajilipia. Mmarekani anakopa mkopo wa serikali, wewe huo hukopeshwi. Zipo zinazosaidia wanafunzi wake, ila ni chache. Simkatazi mtu PsyD, ninamwomba tu apige hesabu mpaka mwaka wa mwisho, sio wa kwanza pekee.

Na hapa kuna kitu ambacho watu hawakijui. Kila programu yenye ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, inalazimika kuchapisha kwenye tovuti yake takwimu za wanafunzi wake: gharama, wanamaliza kwa miaka mingapi, wangapi wanaacha njiani, wangapi wanapata intanshipu, wangapi wana leseni. Ukurasa huo uko wazi kwa yeyote. Usome kabla ya kusoma kingine chochote. Programu ambayo watu wanaondoka wengi kila mwaka inakuambia jambo, hata kama vipeperushi vyake vina picha nzuri.

#4 MtuWaMathari

Hamjambo wadau. Mimi nasoma hapahapa Nairobi, uzamivu, kwa kujilipia, huku nafanya kazi. Nataka watu wajue kwamba si lazima upande ndege. USIU-Africa wana PsyD ya saikolojia tiba, Daystar wana PhD. Chuo changu sitakitaja kwa sababu ninayotaka kusema si mazuri yote.

Mazuri kwanza. Wagonjwa utakaowaona hapa ndio wagonjwa wako wa kesho. Nimefanya mafunzo wodini nikiwa na daktari wa akili, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii kwenye meza moja, na familia nzima ya mgonjwa iko nje kwenye nyasi, imelala hapo tangu usiku. Unajifunza kwamba ukimtibu mtu bila kuongea na shangazi aliyeuza mbuzi ili amlete, hujafanya kitu. Hayo mtu wa ng'ambo atayasoma kwenye makala.

Mabaya sasa. Wasimamizi ni wachache na wamelemewa. Sura ya tasnifu inakaa kwa msimamizi muhula mzima, na wewe muhula unaofuata unalipa ada tena ukisubiri. Masomo ni jioni na wikendi, na sisi wengi tuna watoto. Kuna wenzangu wamefika hadi kukusanya data, wamekwama hapo, na ukikutana nao mjini wanabadilisha mada. Inaniuma kwa sababu hao ni watu wazuri sana kwa wagonjwa.

Upande wa sheria, tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo la kila siku. Zamani mgonjwa alikuwa akiulizwa kuhusu mawazo ya kujiua anatazama mlango kama kuna polisi.

#5 BintiPangani

Kaka MtuWaMathari, asante sana, hasa kwa hilo la shangazi. Nakubaliana nawe mia kwa mia.

Nyumbani Tanzania kosa hilo liko kwenye kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo anayesoma huku akitegemea kurudi asijifunze tathmini ya hatari kwa kukariri fomu. Tunachofundishwa ni mpango wa usalama wa Stanley na Brown, ukurasa mmoja unaojazwa pamoja na mgonjwa: dalili gani zinakuambia hali inachafuka, unaweza kufanya nini peke yako, nani na mahali gani panakutoa kwenye mawazo, nani wa familia utamwambia wazi, mtaalamu gani utampigia, na mwisho, nyumbani mnaondoaje kile ambacho mtu angekitumia kujidhuru. Marekani sehemu hiyo ya mwisho mazungumzo ni bunduki. Kwetu ni dawa za shambani. Nani anashika ufunguo wa stoo ya dawa za pamba? Msimamizi wangu hakuwa amewahi kuliwaza swali hilo, na tulikaa nalo kikao kizima.

Na kwa yeyote anayesoma hapa ambaye mwenyewe yuko kwenye hali hiyo: usisubiri uzi. Mwambie mtu mmoja leo, nenda hospitali iliyo karibu.

#6 Mzee_wa_Usambara

Wanangu, nawasoma kwa makini. Binti yangu amemaliza shahada ya uzamili, sasa anataka hii njia mnayoisema. Mimi ni mwalimu mstaafu. Swali langu ni la mzazi. Atasoma miaka sita, saba. Akirudi huku kwetu, watu wakiugua akili wanapelekwa kwa shehe, kwa mchungaji, kwa mganga. Huyo daktari wa saikolojia atakaa ofisini akimsubiri nani? Siulizi kwa ubaya, nataka nimshauri vizuri.

#7 BintiPangani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, naomba nilijibu kwa urefu.

Kwanza, shehe na mchungaji watabaki, na sioni kama ni maadui. Mgonjwa anayesomewa dua na bado halali usiku anahitaji watu wawili, na mara nyingi shehe mwenyewe ndiye anayemleta akiona jambo limemzidi. Mwanasaikolojia anayedharau imani ya mgonjwa hatapata mgonjwa, na hatastahili kumpata.

Pili, kazi ya mtu mwenye uzamivu nyumbani haitakuwa hasa kumwona mgonjwa mmoja mmoja. Kuna utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, ukiongozwa na kina Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, ukachapishwa 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, wa miaka 7 hadi 13, wenye kiwewe na majonzi yasiyoisha. Waliowatibu walikuwa watu wa kawaida wasio na digrii za saikolojia, waliofundishwa na kisha kusimamiwa kila wiki. Watoto wakakutana kwa vikundi, na walezi wao pia. Baada ya matibabu, watoto waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kuwazidi wenzao kwenye maeneo matatu kati ya manne: Bungoma mjini na vijijini, na Moshi vijijini. Moshi mjini tofauti haikuonekana.

Ukitazama ule mradi utaona mahali binti yako anapohitajika. Mshauri wa kijijini anaweza kumtibu mtoto. Anachohitaji ni mtu wa kumsimamia, anayejua tiba yenyewe kwa kina, anayeweza kusikiliza kesi na kusema hapa umeharakisha, hapa rudi nyuma. Na anahitajika mtu wa kuuliza kwa nini Moshi mjini haikufanya kazi. Hao wawili ndio watu tusiokuwa nao. Wauguzi wa akili tunao kiasi, madaktari wa akili wachache, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanatoa uzamili wa saikolojia tiba. Wa kusimamia wasimamizi hawapo wa kutosha hata kwa mkoa mmoja mmoja.

Kwa hiyo mzee, mwambie asiende kutafuta cheti cha kufungulia ofisi Masaki. Aende kujifunza namna ya kumtazama mwenzake akifanya kazi na kumwambia ukweli bila kumvunja.

#8 Salma_Leicester

Asalaam aleikum. Niongeze upande wa Uingereza kwa kifupi maana ni tofauti sana. Huku inaitwa DClinPsy, miaka mitatu. Mwanafunzi anaajiriwa na NHS, huduma ya afya ya taifa, na kulipwa mshahara wa daraja la 6 tangu siku ya kwanza, ada inalipwa. Maombi mengi yanapitia ofisi moja ya pamoja iliyoko Leeds. Lazima shahada yako itambuliwe na BPS, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, kwanza, na ukimaliza unasajiliwa na HCPC, baraza la wataalamu wa afya, ndiyo unaweza kujiita mwanasaikolojia tiba kisheria.

Uzuri wake ni kwamba unazungushwa: watu wazima, watoto, wenye ulemavu wa kujifunza, wazee, kila kituo karibu miezi sita. Ugumu wake ni mlango. Watu wanafanya kazi ya usaidizi miaka mingi kabla ya kupata, wanaomba na kuomba tena. Na nafasi hizo za kulipiwa ni kwa wenye haki ya kufanya kazi na hadhi ya ukaazi hapa. Mimi nilikuja mtoto na wazazi, ndiyo ilinifaa. Ndugu wa nyumbani asiuze kiwanja akidhani ataingia kwa visa ya mwanafunzi. Vyuo vichache vina nafasi za kujilipia kwa wa nje, na ni pesa nyingi.

Nakubali kuhusu msimamizi. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa akija na daftari tupu na kuniuliza wiki nzima nimeota nini kuhusu wagonjwa wangu. Mwanzoni nilishangaa. Baadaye nikaona kila mgonjwa niliyemwota ndiye niliyekuwa namkwepa kwenye kikao.

#9 Kisonge_Junior

Dada BintiPangani, hebu tupe picha ya hicho chumba cha video. Mnafanya nini hasa?

#10 BintiPangani

Nitaeleza kesi moja, nimebadilisha mambo mengi asitambulike.

Hadi 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao Kiswahili ndiyo lugha yao. Kliniki niliyofanyia mafunzo ilikuwa na mkalimani wa simu. Nilipofika mimi, wagonjwa wakaanza kuniomba. Mama mmoja wa kutoka upande wa Uvira alikuja na maumivu ya kichwa yasiyoonekana kwenye kipimo chochote. "Niko na mawazo mingi," ndilo aliloanza nalo. Wiki kadhaa baadaye akaanza kusimulia njia waliyokimbilia, na mtoto aliyebaki njiani. Alipofika kwa mtoto, akacheka. Kicheko kifupi, akapangusa mapaja kwa viganja, akaendelea na habari za kambini.

Msimamizi wangu hajui Kiswahili hata neno. Tulikuwa tunatazama video bila sauti kwanza, kisha mimi nikisoma tafsiri niliyoandika. Alisimamisha pale kwenye kicheko. Akauliza kwenu watu hucheka wakisimulia msiba? Nikamweleza kwamba wapo wanaocheka, ndivyo mtu mzima anavyomlinda anayemsikiliza, hasa akiwa mdogo kwake. Akanyamaza, akarudisha video nyuma, akasema: tazama mikono yako. Kwenye picha, mama alipocheka, mimi nilikuwa nimeshika kalamu kwa mikono yote miwili na nimeanza kugeuza ukurasa. Akauliza: alikuwa anamlinda nani?

Tukakaa hapo saa nzima. Kikao kilichofuata niliiweka kalamu chini kabla hajaingia. Alipofika tena kwa mtoto, sikusema kitu, nikamsogezea kiti. Akamtaja jina mtoto wake kwa mara ya kwanza.

Hicho ndicho ninachosema hakimo kwenye kitabu chochote. Na msimamizi aliweza kukiona bila kuelewa neno hata moja lililosemwa, kwa sababu alikuwa anatazama kweli.

Tahadhari kwa mtakaokwenda: mkiwa pekee mnaozungumza Kiswahili, mtageuzwa wakalimani wa kliniki nzima, bure, juu ya kazi yenu. Dai mapema saa za kutafsiri video zihesabiwe kama saa za kazi. Mimi zilihesabiwa baada ya mkurugenzi wa mafunzo kuingilia kati.

#11 Aliyeishia_Njiani

Nimesita sana kuandika ila nadhani inafaa. Mimi niliondoka baada ya mwaka wa pili nikiwa na uzamili. Profesa niliyekwenda kwa ajili yake alihamia chuo kingine. Hakuna aliyevunja sheria, watu huhama. Lakini mfumo huu ukikujengea kila kitu juu ya mtu mmoja, akiondoka unabaki mkononi na data zisizo na mwenyewe. Nikapewa msimamizi mpya ambaye mada yangu haikumhusu, tukawa tunaonana kusaini fomu tu.

Huku nyumbani niliambiwa nimeshindwa shule. Sasa nafanya kazi na shirika linalohudumia vijana, na ninafurahia. Ninachowaomba: mkifika usaili, ulizeni wazi profesa akihama inakuwaje, na nani mwingine kwenye idara anafanya kazi inayokaribiana na yake. Kama jibu ni hakuna, fikirieni mara mbili.

#12 BintiPangani

Ndugu yangu, asante kwa kuandika. Hujashindwa shule. Uzamili ule uliupata kwa kazi yako, na vijana unaowahudumia hawakuulizi cheti cha tatu. Hilo swali lako naliongeza kwenye orodha yangu, na ninawaomba wote walinakili.

#13 Kipimo_Sahihi

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Vipi kuhusu vipimo vya akili? Huku tunaletewa ripoti za watoto na watu wazima waliopimwa kwa vipimo vya Kimarekani, IQ imeandikwa pale kama kilo za mchele. Mnafundishwa kuvihoji?

#14 BintiPangani

Tunafundishwa kuvitumia kwa usahihi mkubwa, na kuvihoji inategemea nani anakufundisha. Maswali yenyewe ya WAIS, kile kipimo cha akili cha watu wazima, sitayaandika hapa, ni mwiko wa kazi, kipimo kikivuja hakipimi tena. Ila mfano wa wazi ni huu. Sehemu ya kurudia tarakimu: mpimaji anataja namba moja moja, mpimwa anarudia. Kumbukumbu hiyo ya muda mfupi inategemea pia inachukua muda gani kuzitamka. Namba za Kiingereza kuanzia moja hadi tisa karibu zote zina silabi moja. Za kwetu, moja, mbili, tatu, nne, tano, zina mbili mbili. Mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha jambo hilihili kwa Wawelisi: tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamka, na waliopimwa wakakumbuka chache kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza. Watu walewale, akili ileile.

Sasa chukua jedwali la viwango lililotengenezwa kwa Wamarekani, mpime mtu wa Korogwe kwa Kiswahili, halafu uandike kumbukumbu yake ni dhaifu. Ripoti hiyo itamfuata hadi kazini, hadi mahakamani. Hili linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Mwanafunzi yeyote wa kwetu anayetafuta mada ya tasnifu, viwango vya vipimo kwa wazungumzaji wa Kiswahili ni kazi ya maisha ya watu ishirini, na mlango uko wazi.

#15 Kisonge_Junior

Umetaja intanshipu mara nyingi bila kuifafanua. Na visa inakuwaje?

#16 BintiPangani

Intanshipu ni mwaka mzima wa kazi ya muda wote kwenye hospitali, kliniki au kituo cha ushauri cha chuo, kabla hujapewa shahada. Bila huo hakuna udaktari, hata tasnifu ikiwa imekamilika. Unaomba vuli kupitia APPIC, umoja wa vituo vya intanshipu, usaili Desemba na Januari, kisha wewe unapanga vituo kwa mpangilio unaovipenda na vituo vinawapanga waombaji, kompyuta inaoanisha, Februari unajulishwa. Matokeo yanakufunga. Ukipangiwa jimbo usilolijua, unakwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nafasi zilikuwa pungufu sana kuliko waombaji, watu walikuwa wanakosa na kurudia mwaka. Sasa hali imetulia.

Kwa mwenye F-1 kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni VA, idara ya serikali inayohudumia waliokuwa wanajeshi, ambayo ndiyo inayofundisha wanasaikolojia wengi kuliko taasisi yoyote Marekani. Wanataka uraia. Kwa hiyo futa sehemu kubwa ya orodha kabla hujaanza. Hospitali nyingine nazo zina masharti yao, soma kila tangazo hadi mstari wa mwisho.

Wa pili ni kibali cha kazi. Wengi tunafanya intanshipu kwa CPT, kibali cha mafunzo ya kazi ukiwa bado mwanafunzi. Ukitumia CPT ya muda wote miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT, yaani kile kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya shahada. Intanshipu nayo ni mwaka. Ndiyo maana kibali kinapangwa kiishe kabla miezi 12 haijatimia, na kituo chako lazima kikubali tarehe hizo. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mwaka mmoja kabla, pata majibu kwa maandishi. Bila OPT ni vigumu kukusanya saa za baada ya shahada ambazo majimbo mengi yanadai kabla ya leseni. Mtihani wa leseni, EPPP, una maswali 225 ya kuchagua, na alama ya kupita ni 500 kwa mizani yao.

Atakayerudi Tanzania, shahada itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Weka mihtasari ya kila kozi na barua za saa za mafunzo, zote zikiwa na mhuri, kabla hujaondoka. Ukishavuka bahari kuzifuatilia ni kazi nyingine.

#17 Mzee_wa_Usambara

Marahaba mwanangu, sikuitikia kule juu. Binti ameusoma uzi wote, yuko hapa pembeni yangu. Anauliza akifika usaili awaulize nini wanafunzi waliopo, na hapohapo anauliza kama barua ya tatu ya mapendekezo inaweza kuandikwa na muuguzi wa akili wa hospitali ya wilaya aliyefanya naye kazi, maana maprofesa wanaomfahamu ni wawili tu.

#18 BintiPangani

Mwambie aombe kuongea na wanafunzi bila profesa kuwepo. Programu nzuri hutenga muda huo zenyewe. Awaulize mara ya mwisho msimamizi wao alitazama video ya kikao lini, na walijadili nini. Mwenye usimamizi wa kweli ataeleza palepale, na kesi na ubishi wao, atapunguza tu mambo ya mgonjwa. Asiye nao ataanza kusifia mji. Awaulize pia kiangazi wanaishije, wanafunzi wa kigeni waliotangulia walipata intanshipu wapi, na lile swali la ndugu yetu wa #11.

Barua ya muuguzi inafaa, mradi hizo mbili nyingine ziwe za watu waliomwona akifanya utafiti. Mwambie asimwandikie muuguzi ya kusaini tu. Amwombe aeleze mgonjwa mmoja waliyehudumia pamoja bila kumtaja: hali ilikuwaje, binti alifanya nini, yeye kama mkubwa wake alimsahihisha wapi, na wiki iliyofuata aliona nini kimebadilika. Iandikwe kwa Kiswahili kama ndiyo lugha anayoimudu, kisha ipelekwe kwa mfasiri anayetambulika na zitumwe zote mbili pamoja. Akimaliza rasimu ya barua yake ya maelezo anitumie, nitaisoma.